Joto la Jodari

Kusi linapoanza kulegea, kati ya Agosti na Oktoba, bahari ya Watamu na Malindi huchangamka. Ndege hukusanyika juu ya maji, nao manahodha wa boti za watalii huelekea papo hapo, kwani wanajua kuwa chini ya ndege pana jodari.

Anayetafutwa zaidi ni yule wa mapezi ya manjano. Aweza kufikia urefu wa zaidi ya mita 2 na uzito wa karibu kilo 200, ingawa wengi tunaowaona sokoni ni wadogo mno kuliko hapo. Jodari hatulii maisha yake yote: hana budi kuogelea ili maji yapite kwenye mashavu yake, na akizuiwa asiende hukosa pumzi akafa. Tena, kinyume na samaki wengi, mwili wake una joto kuliko maji yanayomzunguka. Mishipa ya damu itokayo kwenye misuli hupita sambamba na ile iingiayo, ikaipasha moto, na joto likabaki ndani. Hapo ndipo penye siri ya nguvu zake. Akinasa ndoanani haruki hewani kama sulisuli, bali huzama kilindini akivuta mshipi, na huweza kumtoa mtu jasho kwa saa nzima. Wageni hulipa fedha nyingi kwa mikiki hiyo. Sina neno nao, maadamu kinachovuliwa kinaliwa.

Ila joto hilo hilo latuhusu sisi wanunuzi. Jodari aliyepigana sana hupanda joto zaidi, na akiachwa bila barafu, bakteria huzalisha katika nyama yake sumu iitwayo histamini. Sumu hii yaweza kuwamo bila samaki kunuka wala kubadilika rangi, na haiondoki kwa kukaangwa, kuchemshwa wala kugandishwa. Mlaji huhisi ulimi ukiwasha, uso ukawa mwekundu, kichwa kikamgonga na moyo ukamwenda mbio, mara nyingi kabla ya saa moja kupita. Wengi hupona upesi. Anayebanwa na pumzi apelekwe hospitali bila kungoja.

Basi kabla ya kuuliza bei, muulize muuzaji samaki huyu amevuliwa lini, na barafu amewekewa tangu baharini au tangu sokoni. Na mezani, mtoto akisema samaki anamwasha ilhali hamkutia pilipili, asilazimishwe kumaliza sahani yake.