Biashara mpya ijaribiwe kwa fedha kidogo

Mwaka 2013 na mwanzoni mwa 2014 wafugaji wengi nchini Kenya walikimbilia kware. Ilivuma kwamba mayai yake ni dawa na soko lake halina mwisho. Lakini wanunuzi wengi hawakuwa walaji. Walikuwa wafugaji wapya waliotafuta mbegu ya kuanzia. Kwa kuwa yai la kware huanguliwa kwa siku 17 au 18, mabanda yalijaa upesi. Wafugaji wapya walipokwisha, soko nalo lilikwisha.

Vanila ilileta hasara kwa njia nyingine. Kimbunga kilipoharibu mashamba ya Madagascar mwaka 2000, bei ya dunia ilipanda kupita kiasi kufikia 2003. Zao hilo huchukua takriban miaka mitatu kabla ya kuchanua. Waliopanda bei ikiwa juu walivuna wakati imeshaporomoka, kwani kufikia 2005 neema hiyo ilikuwa imepita.

Hii haina maana kwamba mkulima asiguse jambo jipya. Anachotakiwa ni kujiuliza mapema: mlaji wa mwisho ni nani, na hununua kiasi gani kwa wiki? Jibu lipo gengeni, hotelini na dukani, si kwa muuza vifaranga au miche. Tena, bei ikishuka nusu, gharama zitarudi?

Majibu yakiridhisha, jaribio lianze. Mathalani, mwenye shilingi 500,000 atenge 50,000 tu. Azalishe kidogo, auze mwenyewe, na aandike daftarini kila shilingi ya chakula, dawa, nauli na vibarua. Kwa zao la miaka mingi, miche michache kati ya migomba inatosha, chakula cha familia kikibaki shambani. Faida ikipatikana, ndiyo ikuze mradi, mkopo usubiri. Na fedha za jaribio zikiisha bila mteja kurudi mara ya pili, aache.

Maafisa ugani na vyama vya ushirika nao wana wajibu. Kabla ya kuhimiza zao au mfugo wowote, wawaeleze wakulima wanunuzi ni akina nani na wanalipa bei gani. Aliyepoteza 50,000 atajaribu tena msimu ujao. Aliyeweka shamba rehani huenda asiwe na pa kulima.