Dim Sum ya Mbao Imefika Umoja, na Hakuna Mchina Jikoni

Jumamosi saa mbili asubuhi Eastlands huwa na ratiba yake. Waliokesha wanatafuta supu ya kutoa lock, wenye watoto wanabeba mandazi zimefungwa kwa gazeti, na mama wa chapo ashaanza kugeuza ya kwanza. Wikendi iliyopita hapa Umoja nilikuta foleni ya aina ingine kabisa. Wasee kama kumi wamesimama mbele ya kibanda cha mabati, sufuria mbili zimebebana juu ya jiko, mvuke unatoka kama kuna mtu anafua mablanketi. Nikauliza msee aliye mbele yangu kunauzwa nini.

"Sambusa mbichi," akaniambia, na hakuwa anacheka.

Ilikuwa dim sum. Ile chakula ya Wachina unaona kwa TikTok ikipakuliwa kwa vikapu vidogo vya mianzi, sasa iko mtaani, kipande mbao. Nikachukua tano za soo, nikaketi kwa benchi.

Kama hujawahi kuionja, dim sum ni ya kusini mwa China, mkoa wa Guangdong, na Hong Kong ndiyo ilisaidia ijulikane dunia nzima. Unga unakandwa, unasukumwa hadi unakuwa mwembamba, unajazwa nyama, kamba ama mboga, unakunjwa na kupikwa kwa mvuke. Inaliwa sana asubuhi, hasa wikendi, familia nzima ikiwa meza moja. Na hapa ndipo nilishtuka: kwa Kikantoni, kwenda kula dim sum kunaitwa "yum cha", maana yake kunywa chai. Yaani ni kama sisi tu. Mkenya akikuuliza kama umekunywa chai, hana shida na kikombe, anataka kujua kama umedishi. Tofauti ni kuwa chai yao haina maziwa. Ya Umoja ilikuja na maziwa na tangawizi, kwa kikombe cha bati, na sikuona mtu akilalamika.

Sasa swali ni moja. Mbona imechukua muda hivi kufika huku?

Juu Wachina si wageni Eastlands. Outering ilijengwa na Sinohydro. Thika Road ilijengwa na kampuni tatu za China na ikafunguliwa 2012. Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ni kazi ya CRBC, na magari yalianza kupita Mei 2022. Simu unayosomea hii stori kuna uwezekano mkubwa ni Tecno ama Infinix. Lakini chakula yao ilibaki ng'ambo ya Uhuru Highway, Kilimani, Hurlingham na Westlands. Mara yangu ya kwanza huko, kikapu kimoja cha vipande vinne kilinimaliza zaidi ya 500. Nilirudi mtaa na njaa, nikapitia kwa mama kuchukua chapo madondo.

Na haikuwa mambo ya doo pekee. Machi 2015 mkahawa mmoja wa Kichina pale Kilimani ulifika hadi kwa habari za kimataifa juu ulikuwa unawazuia Waafrika kuingia baada ya saa kumi na moja jioni. Ukafungwa, sababu iliyotolewa ikiwa ni kukosa leseni. Wengi wetu tulikuwa bado shule lakini tuliskia. Hata kama hoteli zingine hazina hiyo tabia, ukishasikia stori kama hiyo huwezi toka Kayole na mathree mbili kwenda kujaribu bahati yako mlangoni.

Lakini angalia nani anashika kisu kwa hizo jikoni. Mpishi mkuu anaweza kuwa Mchina, sawa, ila wanaokata vitunguu, wanaosukuma unga na wanaobaki kuosha sakafu usiku wengi ni wasee wa huku kwetu. Huyu jamaa wa kibanda ni mmoja wao. Amenikataza kutaja jina lake ama mahali anafanya, juu mdosi hajui. Kwa miaka minne amekunja dim sum za watu ambao hawezi kuketi nao meza moja, na mahali alizoea kuzionja ni zile zimepasuka hazifai kupelekwa kwa mteja.

Vikapu vya mianzi hana. Alichora kwa karatasi akapelekea fundi wa Kamukunji, akatobolewa sufuria chini, zikakaa moja juu ya ingine. Ndani anaweka kuku wa kusaga, kabeji, tangawizi na dania. Nguruwe ameiacha kabisa, na hapo alitumia akili, juu plot yake iko na Waislamu na pia Wasabato. (Wasabato wenyewe Jumamosi asubuhi wako kanisani, lakini ameniambia wanatuma watoto kabla ya ibada.)

Hesabu yake ndiyo ilinifanya niandike hii kitu. Pakiti ya unga wa ngano ya kilo 2 inampea vipande kama 150. Pesa nyingi inaenda kwa kuku. Mafuta ya kupikia anatumia kijiko tu. Kumbuka 2022 vile ilikuwa: vita vya Ukraine vikapandisha ngano, Indonesia ikasimamisha kwa wiki kadhaa kuuza nje mafuta ya mawese, na huku mtaani chapo ikaanza kukonda hadi unaona mwangaza upande wa pili. Kenya inaagiza ngano nyingi na mafuta mengi kutoka nje, kwa hivyo mtu wa mandazi na sambusa anapigwa mara mbili. Mtu wa mvuke anapigwa mara moja.

Kuna wasee watasema hii ni chakula ya wageni, haiwezi kaa. Buda, chapo ni ya nani? Ilikuja na Wahindi, na reli iliyoanzia Mombasa 1896 ilileta zaidi ya 30,000 kufanya kazi. Sambusa pia ilisafiri. Leo hakuna mtu Makadara anaita chapo chakula ya Kihindi, na Krismasi bila chapo watoto wanaweza kuandamana. Ilipata uraia siku mama wa kawaida alijua kuipika na msee wa mjengo akaweza kuinunua. Hoteli kubwa hazikuchangia sana hapo.

Ndiyo maana hii naipima na ile drama ya China Square. Duka lilifunguliwa Januari 2023 pale Unicity, kando ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, vitu bei ya chini, watu wakajaa. Februari, Moses Kuria, waziri wa biashara wakati huo, akasema Wachina wanakaribishwa kama watengenezaji, si kama wachuuzi. Wafanyabiashara wa tao wakaandamana. Wateja nao waliendelea kutaka bei poa. Kila mtu alikuwa na point, lakini stori yote ilikuwa nani atabaki na faida. Hapa Umoja ujuzi ndio umetoka China. Doo inalala Umoja.

Kwa sasa. Juu hana kibali cha kaunti wala cheti cha afya cha watu wanaoshika chakula, na hilo siwezi kumtetea. Nyama ya kuku kwa mvuke si mchezo, ukiitoa mapema unalaza mtaa mzima. Ameniambia anaweka akiba ya hizo karatasi kabla ya kukodisha chumba. Kanjo wakipita kabla hajalipia, sufuria za Kamukunji zinaenda na lori. Mdosi akijua, kazi imeisha. Anacheza kamari mbili na mtaji wa unga kilo 4.

Ladha? Ngozi ilikuwa nzito kiasi kuliko ya Kilimani, na chumvi ilizidi. Pilipili yake lakini ni moto wa kweli, na tangawizi inakufungua pua. Nilirudi kwa foleni nikachukua zingine tatu. Yule msee wa "sambusa mbichi" alikuwa kwa raundi ya tatu, sasa anaelezea wageni vile inakunjwa.

Saa tano kasorobo zilikuwa zimeisha. Msichana mmoja akafika amechelewa na bakuli, akauliza kama kesho atapika. Jamaa akacheka, akamwaga maji ya sufuria kwa mtaro, akavaa shati nyeupe iliyokuwa imening'inia kwa msumari. Kesho ni shifti ya asubuhi, akasema, na ya leo inaanza saa saba. Akatembea hadi stage kupanda mathree ya tao.