Machozi ya dakika nne na kitabu kisichofunguliwa



Kuna kipande cha filamu ya katuni kinachozunguka kwenye simu za watu miaka yote hii bila kuchakaa. Hakifiki dakika tano. Hakuna anayezungumza ndani yake, ni muziki tu. Kijana na binti wanaoana, wanakarabati nyumba mbovu, wanapaka rangi, wanaweka akiba, wanazeeka. Mwishoni mke anafariki, na mume anarudi nyumbani peke yake akiwa ameshika puto moja. Watu wazima wanalia. Wapo wanaojirekodi wakikitazama kwa mara ya kwanza, kisha wanaweka mtandaoni sura zao zilizolowa machozi, na wengine wanalia kwa kuwatazama wao.

Filamu hiyo ni Up ya kampuni ya Pixar ya Marekani, iliyoongozwa na Pete Docter akisaidiana na Bob Peterson. Mei 2009 ilifungua tamasha la filamu la Cannes kule Ufaransa, na hapo kabla hakuna katuni iliyowahi kupewa heshima hiyo. Mwaka uliofuata ilipata tuzo mbili za Oscar, moja ya filamu bora ya katuni na nyingine ya muziki wa Michael Giacchino, ule ule unaowaliza watu. Docter ni Mkristo na amesema hivyo hadharani, ingawa filamu yenyewe haihubiri.

Mume anaitwa Carl, muuza puto. Mke ni Ellie. Tangu utotoni walikuwa na ndoto moja: kusafiri hadi kwenye maporomoko ya maji ya Paradise huko Amerika Kusini. Maporomoko hayo ni ya kubuni, lakini wachoraji wa Pixar walikwenda hadi Venezuela kuangalia milima yake yenye vilele bapa, nchi ya maporomoko ya Angel ambayo urefu wake ni mita 979.

Nimejiuliza kwa nini watu wanalia. Jibu jepesi ni kwamba Ellie anakufa. Lakini vifo vimejaa kwenye filamu, hata za watoto, na hatuvilii hivi. Tena hapa wanaolia zaidi ni wakubwa, watoto wanabaki kuwauliza wana nini.

Nadhani tunalia kwa sababu vitu vinavyoonyeshwa ni vile tulivyonavyo nyumbani. Mke anamfunga mumewe tai asubuhi. Kesho tena, na keshokutwa tena, tai zinabadilika rangi na miaka inapita. Wanakaa kwenye viti viwili wakisoma, mikono imeshikana. Wanapanda kilima kwenda kula chakula chao chini ya mti, na siku moja mke anashindwa kukipanda. Hakuna fumanizi, hakuna wivu wala kisasi.

Na kuna kibubu. Carl na Ellie wanatumbukiza sarafu kwenye chupa ya kioo kwa ajili ya safari yao. Gurudumu la gari linapasuka, chupa inavunjwa. Carl anavunjika mguu, inavunjwa tena. Mti unaangukia paa, inavunjwa tena. Mtanzania hahitaji kutafsiriwa hapo. Nani hajawahi kuanza kibubu cha kiwanja kikaliwa na ada ya shule, akaanza upya kikaliwa na msiba, akaanza tena mama mkwe akalazwa? Ndoa nyingi zimesimama juu ya vibubu vilivyovunjwa, na hakuna aliyezipigia makofi.

Tazama pia harusi yao. Imepewa sekunde chache. Ndugu wa bibi harusi wanashangilia kwa vurugu, wa bwana harusi wamekaa wima kama wako kwenye kikao cha bodi, kisha tunaondoka. Muda wote uliobaki ni wa yale yanayofuata. Sisi tumegeuza. Kamati ya harusi inakaa miezi, michango, kadi, send-off, kitchen party, ukumbi na mshereheshaji. Baada ya hapo wanandoa wanaachwa na deni la mpiga picha, na ile kamati haikutani tena hata mara moja kuuliza wanaendeleaje.

Mahali pazito zaidi pako katikati. Carl na Ellie wanayatazama mawingu, wanayaona yana sura za watoto wachanga. Wanapamba chumba. Halafu tunaona chumba cha hospitali, Ellie amefunika uso kwa viganja, Carl amesimama nyuma yake. Hakuna neno linalosemwa. Docter amewahi kueleza kwamba baadhi ya watu waliona hapo wamevuka mpaka kwa filamu ya familia, kwamba walijaribu kuliondoa tukio hilo, na walipoliondoa hadithi ikapungua nguvu. Wakalirudisha. Nashukuru walilirudisha. Wanawake waliopoteza mimba, na waume zao, hawaonekani mara nyingi kwenye sinema, na kanisani hawaombewi kwa sauti. Siku ya kina mama tunawasimamisha akina mama wote wapewe maua, na mwenye jeraha hilo anabaki ameketi akijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Kwetu jambo hili lina majina makali. Tunajua neno analoitwa mwanamke asiyezaa, na tunajua mashangazi wanavyoanza kuja kukaa wiki mbili wakiulizia "habari njema". Tunajua ndoa zilizofungwa mbele ya madhabahu zikavunjwa sebuleni na dada wa mume. Mara nyingi mume mwenyewe hajawahi kupimwa.

Biblia inamjua mume wa namna hii. Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 1, Elkana anamwona mkewe Hana akilia na kususa chakula kwa kukosa mtoto. Anampa sehemu mara mbili ya nyama ya sadaka, jambo jema, halafu anamuuliza kama yeye hamfai kuliko watoto kumi. Wahubiri wengi humsifu Elkana kwa swali hilo. Mimi sina uhakika kama lilimsaidia Hana, maana katikati ya machozi ya mwenzake mzee wetu amejizungumzia yeye. Carl hasemi kitu. Anamfuata Ellie bustanini alikokaa amefumba macho, anampa kile kitabu chao cha utotoni chenye picha ya maporomoko. Ni kama kumwambia kwamba maisha yao bado yapo, bila kumwambia anyamaze.

Sasa nije kwenye jambo linalonisumbua. Kipande hicho kinatazamwa kikiwa kimekatwa. Kinaishia Carl akiingia ndani na puto, mlango unafungwa, giza. Chini yake watu huandika somo walilopata, na somo mara nyingi ni moja: usingoje, safiri sasa, tekeleza ndoto zako kabla hujachelewa, masikini Ellie alikufa bila kufika.

Sisemi ushauri huo ni mbaya. Wapo waume ambao kila jambo la furaha wamelisogeza hadi siku ya kustaafu, na mafao yanapotoka, mwenzao tayari anatembea kwa mkongojo. Wapo pia watazamaji wanaolalamika kwamba Ellie akishakuwa mtu mzima hasikiki akisema neno hata moja, na kwamba ndoto yake imemezwa na nyumba. Wana hoja. Katika nyumba zetu pia, ndoto inayozikwa kimyakimya huwa mara nyingi ni ya mke, na mume anaita hali hiyo amani ya ndoa.

Lakini filamu haijaisha hapo. Imebaki zaidi ya saa nzima, na ndani ya saa hiyo Ellie anajibu.

Carl, sasa mjane wa miaka 78, anajiona mdaiwa. Alimwahidi mkewe safari na hakumfikisha. Anafunga maelfu ya puto kwenye nyumba yao, nyumba inang'oka, anaruka nayo, na mwishowe anaivuta kwa kamba begani kuelekea kwenye maporomoko huku akizungumza nayo kana kwamba ni Ellie. Filamu nzima ni mzee anayeburuta deni. Anafika. Anaketi kwenye kiti chake pembeni ya kiti kitupu, anafungua kile kitabu. Kuna sehemu Ellie aliyoitenga tangu utoto kwa ajili ya mambo makubwa atakayofanya, na Carl miaka yote aliamini kurasa zake ni tupu. Siku hiyo anageuza karatasi. Zimejaa. Picha ya harusi, picha wakiwa wawili garini, picha wakiwa wamekaa kwenye viti vile viwili wakiwa wazee. Na mwisho kuna maneno machache ya mkono wa Ellie, akimshukuru kwa safari waliyokuwa nayo na kumtuma akaanze nyingine.

Kwa hiyo deni halikuwepo. Ellie alikuwa ameshalifuta akiwa hai. Carl ndiye hakuwahi kufungua ukurasa.

Anayeishia kwenye dakika nne anaondoka na majuto. Anayetazama hadi kitabu kifunguliwe anakuta majuto hayo yamejibiwa, na aliyeyajibu ni yule tuliyedhani ndiye aliyedhulumiwa. Ni tofauti kubwa, hasa kwa wajane walio kati yetu. Msiba ukiisha na turubai kushushwa, mtu anabaki na hesabu zake: ningemuwahisha hospitali, sikumjengea, nilimwahidi Zanzibar hatukwenda, siku ya mwisho nilimjibu vibaya. Hesabu nyingine ni za kweli na zinahitaji toba. Lakini nyingi ni kurasa anazodhani tupu kwa sababu hajazitazama kwa jicho la aliyekwenda.

Filamu imetuwekea pia mtu aliyefika. Charles Muntz, mpelelezi maarufu ambaye Carl na Ellie walimwabudu utotoni, aliyafikia maporomoko hayo na kubaki huko. Tunamkuta mzee, amezungukwa na mbwa wanaomhudumia, bado anawinda ndege mmoja ili arudishiwe heshima yake, yuko tayari kuua. Huyo ndiye aliyetekeleza ndoto bila kungoja. Ajabu ni kwamba hatajwi sana na wale wanaotuhimiza tufunge mizigo.

Kinyume chake ni Russell, mtoto wa miaka minane aliyejikuta kwenye safari hiyo. Baba yake haonekani nyumbani. Anapomsimulia Carl anachokumbuka kuhusu baba, hataji zawadi wala mbuga ya wanyama. Anakumbuka kukaa naye ukingoni mwa barabara wakila aiskrimu na kuhesabu magari, mmoja ya rangi hii, mwingine ya rangi ile. Anakiri kwamba yale yanayoonekana kuchosha ndiyo anayoyakumbuka zaidi. Baba anayesoma gazeti hili Jumapili ya leo, na ambaye amekuwa akituma fedha za shule kwa simu akidhani amemaliza, asikilize hapo.

Luka anatuambia Bwana wetu alikuwa na umri wa miaka kama 30 alipoanza kazi yake. Miaka karibu yote kabla ya hapo ilikuwa ya Nazareti: nyumba, kazi ya mikono, majirani, sabato. Injili zimeipita kwa mistari michache, na sisi wahubiri tunaipita haraka zaidi. Naye mwandishi wa Mhubiri, mtu asiyependa kupamba maneno, anapofika sura ya 9 aya ya 9 anamwambia mwanamume afurahie maisha pamoja na mke ampendaye siku zote za maisha yake yanayopita, kwa kuwa hilo ndilo fungu lake. Hajamwambia ni fungu la waliokosa kubwa zaidi.

Baada ya kufunga kitabu, Carl anamsikia Russell ameondoka peke yake kwenda hatarini. Nyumba imekuwa nzito, puto zimepungua. Anaanza kutupa nje vitu vya nyumbani alivyovilinda safari nzima, makabati, fremu, kila kitu. Viti viwili vinabaki vimekaa pamoja juu ya mwamba, nyumba inanyanyuka, mzee anakwenda kumtafuta mtoto asiye wake.

Kama nyumbani kwako kuna mtu wa kutazama naye, itazameni leo jioni baada ya ibada. Puto likiingia ndani na mlango ukafungwa, msizime.