Sketi za Katani si Mavazi ya Mababu

Ipo kasumba inayokataa kufa. Kila inapotakiwa kuonyeshwa nguo ya kale ya Mwafrika, sanamu au mcheza ngoma huvishwa sketi ya katani. Watalii hupiga picha. Watoto wa shule huamini. Mkonge wenyewe uliletwa Tanganyika na Mjerumani Hindorf mwaka 1893! Babu aliyezikwa kabla ya hapo aliuvaaje?

Ilhali magofu ya Kilwa Kisiwani yametoa vigurudumu vya udongo vya kusokotea pamba, na Wafipa walifuma nguo zao wenyewe. Historia hiyo hufichwa, eti sketi ni rahisi. Kitanda cha mfumi kiundwe upya, pamba isokotwe kwa mkono, na sketi zile zirudishwe kiwandani zikawe kamba.