Mazoezi ya Mbwa na Saa za Mwenye Mbwa

Wako watakaotucheka leo. Watasema: wafanyakazi wana haja gani na goti la mbwa? Twawajibu kwamba mbwa alindaye ua usiku ni mali, tena ni mwenzi wa mlinzi wa zamu, na akilemaa hasara humwangukia mwenyewe.

Mbwa mkubwa akikatika kano ya ndani ya goti la nyuma, huuinua mguu na kutembea kwa mitatu. Waganga wa wanyama wamekwisha kuwa hodari katika jambo hili. Iko njia ya kuukata mfupa wa muundi na kubadili mwinamo wa sehemu yake ya juu ili goti lisiteleze, ambayo Barclay Slocum na Theresa Devine Slocum wa Marekani waliieleza mwaka 1993. Lakini mfupa huo huchukua kama majuma 8 kuunga, na misuli ya paja husinyaa upesi kwa kutotumiwa. Kuirudisha si kazi ya kisu. Ni kazi ya nyumbani.

Hapo ndipo mambo yaharibikapo. Mganga humpa mtu karatasi yenye mazoezi 10, kila moja mara 3 kwa siku. Mtu huyo huamka saa 11 alfajiri kuwahi basi, hurudi jioni amechoka. Siku ya kwanza hufanya yote. Siku ya nne karatasi imefungia karanga. Kisha huitwa mvivu. Sisi twaikataa hukumu hiyo. Aliyekosa ni yule aliyeandika amri bila kuuliza saa za mwenye kuitii.

Yafaa mganga aanze kwa maswali. Nani humlisha mbwa? Nani huzunguka ua? Sakafu ni saruji laini ama udongo? Kisha achague mazoezi mawili, yakizidi matatu, na kila moja alifungamanishe na kazi ambayo tayari hufanywa. Kabla ya sahani ya jioni kuwekwa chini, mbwa aketishwe na kusimamishwa mara 5, ubavu wa mguu mbovu ukiwa karibu na ukuta ili asiutupe nje, juu ya gunia kavu asiteleze. Chakula chenyewe ndicho ujira wake. Mlinzi naye amtembeze kwa kamba fupi, polepole. Neno hilo polepole lina siri yake: mbwa akienda mbio huweza kuruka kwa miguu mitatu, lakini akienda taratibu hana budi kuukanyaga ule wa nne. Mfupa ukiisha kuunga, mipini ya mafagio ilazwe chini aivuke mmoja mmoja, goti lipate kukunjika.

Tena mwenye mbwa alifanye zoezi mbele ya mganga kabla hajaondoka, maana kutikisa kichwa si kuelewa. Na aambiwe wazi: mbwa akichechemea kesho kuliko jana, kazi ipunguzwe nusu, wala asiongezewe ati azoee.

Wenye mbwa nao wana sehemu yao. Kumfungulia mbwa akimbize paka katika juma la tatu, kwa kuwa aonekana mzima, ni kuutia hatarini mfupa ambao haujaunga. Kalenda ya ukutani na penseli vyatosha: alama moja kila jioni, na mtoto alishaye mbwa ndiye aitie. Mganga akiikuta ina mapengo siku za zamu ya usiku, aondoe zoezi moja badala ya kuongeza karipio.