Siyo Mkono Wako, Ni Kompyuta!

Wiki hii tunaingia studio, maana huko uswahilini kuna madogo wanaonewa kichizi. Dogo analipia saa yake, anakaa kwenye kinanda, anapiga, noti zinatua ovyo. Prodyuza anamkatia: "Huna mkono wewe, kauze karanga!" Hela imekwenda na moyo umevunjika. Jamani, mara nyingi mwenye kosa ni kompyuta.

Iko hivi. MIDI, iliyoanza mwaka 1983, haibebi sauti, inabeba amri tu: bonyeza noti hii, kwa nguvu hii, achia. Hata kwenye waya wake wa zamani, amri moja inapita kwa kama milisekunde 1, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwa hiyo usiusingizie waya. Kuchelewa kunakuja kompyuta inapotoa sauti. Inajaza ndoo kwanza ndiyo imwage, na ndoo hiyo ndiyo bafa. Ndoo kubwa, utasubiri. Ndoo ndogo, unasikia chapuchapu.

Bafa ya sampuli 2048, ukirekodi kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, inakuchelewesha milisekunde 46 hivi. Ya 256 ni kama 6 tu.

Utasema, "46 kitu gani bwana?" Kwenye wimbo wa taratibu wa mapigo 90 kwa dakika, utavumilia. Sasa njoo kwenye singeli ya Manzese na Mburahati, inayopita mapigo 200! Hapo pigo moja ni milisekunde 300, na robo yake ni 75. Hizo 46 zimeshakula zaidi ya nusu ya robo! Vidole vinaanza kuwahi ili kufidia, mdundo unapotea. Ukiiambia programu inyooshe noti, inaivuta kwenye nafasi iliyo karibu, na noti iliyotoka zaidi ya nusu inaangukia nafasi ya jirani. Ndiyo maana kunyoosha hakuponi.

Dawa hii hapa, na haina gharama. Kwenye mipangilio ya sauti chagua draiva ya ASIO. Kama kadi yako ya sauti haina ya kwake, ASIO4ALL ni ya bure. Shusha bafa hadi 256. Sauti ikikwaruza, panda 512, ambayo ni kama milisekunde 12. Funga programu nyingine zote, na mapambo ya sauti yaweke baadaye. Headphone za Bluetooth weka pembeni kabisa, zile zinachelewa kuliko bafa yenyewe. Tumia za waya. Ukimaliza kurekodi na kuanza kuchanganya sauti, rudisha bafa juu ili mashine ipumue.

Kwa hiyo prodyuza, kabla hujamtuma dogo akauze karanga, fungua mipangilio uangalie bafa. Na wewe dogo, kabla hujatoa hela ya saa nzima, uliza: "Bro, bafa iko ngapi?" Akikutolea macho, tafuta studio nyingine.

Tukutane wiki ijayo. Ciao!