Sadaka ya mmoja na wakfu wa wengi

 

Ndugu Waislamu, kila linapoingia kumi la mwisho la mwezi mtukufu wa Ramadhani huonekana katika miji yetu jambo ambalo tumelizoea kiasi cha kutoliona tena. Mbele ya lango la tajiri hukusanyika watu tangu baada ya sala ya Alfajiri: wajane, vikongwe, mama wenye watoto mgongoni, vijana wasio na kazi. Hupangwa mstari, hufokewa na walinzi, na jua likishapanda kila mmoja hupewa noti moja au mbili. Jioni noti hiyo imekwishia kwenye unga na mafuta. Mwaka unaofuata mstari ni ule ule, ila umerefuka, na miongoni mwa waliosimama wamo watoto wa wale waliosimama hapo hapo miaka ishirini iliyopita.

Hatusemi haya kumvunja moyo mtoaji. Huenda nia yake ni safi kuliko zetu sisi tunaoandika. Swali letu ni jingine: kwa nini mali yote hiyo, inayotoka kila mwaka katika mifuko ya Waislamu, haipunguzi mstari?

Abu Ubaid, katika Kitabul Amwal, amepokea habari ya Muadh bin Jabal (R.A.), aliyekuwa Yemen akisimamia zaka. Katika zama za Khalifa Umar (R.A.) Muadh alipeleka Madina theluthi ya zaka aliyoikusanya. Umar hakufurahi. Akamkumbusha kuwa hakumtuma kuwa mtoza kodi, bali alimtuma achukue kwa matajiri wa huko na kuwarudishia mafakiri wao. Muadh akajibu kuwa asingepeleka chochote lau angempata Yemen mtu wa kukipokea. Mwaka wa pili alipeleka nusu, na yakapita kati yao maneno yale yale. Mwaka wa tatu aliipeleka yote, kwa kuwa hakubaki wa kupewa.

Tuizingatie habari hii, ndugu msomaji. Matajiri wa Yemen hawakutoa kila mmoja kwenye lango lake. Walitoa pamoja, kupitia kwa mtu anayejulikana, anayeulizwa, na anayewajua maskini wa mahali pale kwa majina. Ndiyo maana mstari wao ulipungua mwaka hata mwaka.

Hata hivyo zaka ina mipaka yake. Wenyewe ni makundi manane yaliyotajwa katika aya ya 60 ya Surat Tawba, na wanazuoni walio wengi hawakuruhusu ijengewe kuta za msikiti au za skuli. (Tumeona kamati zinazochukua zaka ya watu kununulia mazulia, wazirejee fatwa kabla ya kuendelea.) Basi mshahara wa mwalimu, dawa za zahanati na paa la madrasa vitatoka wapi? Hapo ndipo sharia ilipotuwekea mlango wa wakfu.

Umar (R.A.) alipopata shamba huko Khaybar, na hakuwa na mali aliyoithamini kuliko hilo, alimwendea Mtume (S.A.W.) kutaka ushauri. Mtume akamwelekeza, akipenda, alizuie shamba lenyewe na ayatoe sadaka mazao yake. Tangu hapo shamba halikuuzwa, halikutolewa zawadi wala halikurithiwa. Mazao yakaenda kwa mafakiri, kwa jamaa, kwa kuwakomboa watumwa, kwa msafiri na kwa mgeni. Khatibu wetu husimulia mpaka hapa kisha hushuka mimbarini. Lakini riwaya ya Abu Daud inaendelea, na kilichobaki ndicho tunachokihitaji zaidi leo. Umar aliandikisha hati. Mwandishi alikuwa Muayqib, na Abdullah bin Al-Arqam akashuhudia. Ndani yake alimtaja msimamizi, binti yake Hafsa (R.A.), muda wote wa uhai wake, na baada yake mwenye rai njema katika jamaa. Akabainisha pia kuwa msimamizi hana dhambi akila humo kwa wema. Mtu aliyekuwa Amirul Muuminina, ambaye neno lake tu lilitosha, hakuliacha shamba bila karatasi.

Wazee wetu wa mwambao waliufuata mwendo huo. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Unguja ni wakfu mpaka leo, na Mombasa, Lamu na Pemba kuna visima, mashamba ya minazi na misikiti iliyowekwa na wanaume na wanawake ambao majina yao yamebaki kwenye hati peke yake. Baadhi waliweka wakfu kwa ajili ya watoto na wajukuu zao kwanza, kisha maskini pindi ukoo utakapokatika. Huo ni wakfu wa ukoo, na fiqhi inautambua.

Utawala wa Kiingereza haukuutambua. Mwaka 1894 Baraza la Ufalme huko London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni, liliamua katika shauri lililotoka Bengal kuwa wakfu ambao maskini wanaufikia mwisho kabisa si sadaka ya kweli, na kwa hiyo ni batili. Waislamu wa India hawakukaa wakilalamika barazani. Mwanachuoni Shibli Nomani alizunguka akikusanya maoni ya maulamaa, na Muhammad Ali Jinnah, mwanasheria kijana aliyezaliwa katika nyumba ya Khoja, akapeleka muswada kwenye Baraza la Kutunga Sheria. Mmoja alikuwa na kitabu, mwingine alikuwa na sheria ya Wazungu. Madhehebu yao hayakuwa mamoja. Mwaka 1913 muswada ukawa sheria, na wakfu wa ukoo ukarudi kuwa halali India.

Huku kwetu mambo yalichelewa. Hata mwanzoni mwa miaka ya 1950 Baraza hilo hilo lilikuwa bado likiutumia uamuzi wa 1894 kubatilisha wakfu wa ukoo mmoja wa Mombasa, wakati India ilikwisha kuachana nao kitambo. Ni Sheria ya Makamishna wa Wakfu ya mwaka 1951 ndiyo iliyokuja kuutambua wakfu wa aina hiyo nchini Kenya. Ni nyumba ngapi zilirudi kwenye mirathi na kuuzwa katika miaka hiyo yote? Kutoa peke yake hakukutosha. Nyumba zilikuwapo, nia ilikuwapo, hati zilikuwapo. Kilichokosekana ni watu wa kwenda pamoja kuibadilisha sheria.

Tusidhani lakini kuwa wazee wetu hawakujua kushirikiana. Mwaka 1945 iliundwa Mombasa Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, kwa juhudi za Aga Khan wa tatu, Sultan Muhammad Shah. Ahadi yake ilikuwa nyepesi kueleweka: kila shilingi watakayochanga Waislamu wengine kwa ajili ya skuli na misikiti, naye ataiongezea shilingi. Hekima ya sharti hilo haionekani mara moja. Angeweza kutoa fedha yote na jina likabaki lake. Badala yake mvuvi wa Tanga na mwenye duka wa Kampala walijua kuwa shilingi yao moja ikitoka inazaa ya pili, na ikibaki mfukoni inaizuia nyingine pia. Skuli na misikiti ikajengwa katika miji na vijiji, na wengi wa waliosomeshwa na kusali humo walikuwa Masuni.

Katika miaka hiyo hiyo ilianzishwa Mombasa Taasisi ya Elimu ya Waislamu, kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, ya Aga Khan, ya jamaa wa Kibohora, na ya serikali ya kikoloni. Vijana walifundishwa ufundi na ubaharia badala ya kubaki makuli wa bandari. Leo taasisi hiyo ndiyo Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, hadhi iliyoipata mwaka 2013, na milango yake iko wazi kwa kila Mkenya.

Wapo watakaouliza, na barua zao tunazitarajia: vipi sheikh anawasifu watu wa madhehebu hayo? Jawabu letu ni fupi. Aya ya 2 ya Surat Maida inaamrisha kusaidiana katika wema na ucha Mungu na inakataza kusaidiana katika dhambi na uadui. Ikhtilafu zetu za itikadi tunazijua na tunazisomesha madrasani, lakini kisima hakina ikhtilafu, na mtoto anayejifunza hesabu hajibadilishi madhehebu.

Jumuiya ile haikudumu Tanzania. Mwezi Desemba 1968 Serikali iliipiga marufuku, na mwezi huo huo ikaundwa Bakwata. Mengi yamesemwa juu ya tukio hilo na hatukusudii kuyafukua yote hapa. Tunasema tu kwamba mali iliyosimama juu ya uhai wa jumuiya huanguka pale jumuiya inapoanguka. Fikra ya chuo kikuu cha Waislamu, iliyokuwa ikizungumzwa enzi zile, ilingoja mpaka mwaka 2005 ndipo Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro kilipoanza kusomesha, katika majengo yaliyokuwa ya chuo cha Shirika la Umeme yaliyotolewa na Serikali. Kizazi kizima kilipita katikati.

Tusiwaseme wa kale peke yao. Miaka mingi iliyopita tulikuwa wajumbe wa kamati ya madrasa katika mji mmoja ambao hatutautaja. Usiku mmoja, baada ya sala ya Isha, bibi mmoja mjane asiye na mtoto alituita wanne, akatuambia kuwa nyumba yake ya vyumba sita ameitoa kwa ajili ya watoto wa madrasa. Tukaitikia amina, tukasoma Fatiha, tukanywa kahawa yake. Kalamu ilikuwa mfukoni mwetu. Hakuna aliyeitoa, kwa kuwa tuliona ni utovu wa adabu kumwandikisha mzazi karatasi wakati anatoa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Baada ya miaka tisa alifariki. Wawili kati yetu walikuwa wamekwisha tangulia mbele ya haki. Wakaja watoto wa ndugu yake kutoka mbali, watu wema tu, wasiojua lolote, na Kadhi alipouliza ushahidi, mwenzetu aliyebaki alikuwa mgonjwa asiyeweza kusema. Ushahidi wetu peke yetu haukutosha. Nyumba iliuzwa. Tukipita pale hivi sasa panauzwa simu, na watoto wa madrasa bado wanasoma chini ya mwembe.

Hatukuibiwa na mtu. Tulizembea. Na tunaogopa kuwa bibi yule atatuuliza.

Ugonjwa mwingine upo hata pale ambapo hati ipo. Msikiti una maduka manne ya wakfu katika barabara kuu, na kodi ya pango ni ile iliyopangwa wakati wa babu wa mpangaji. Mpangaji mwenyewe ameyapangisha kwa mtu wa tatu kwa bei ya soko, na tofauti anaila yeye. Kila Ijumaa bakuli hupitishwa safu kwa safu kutafuta fedha ya umeme. Mwenyekiti wa kamati hawezi kusema neno kwa sababu mpangaji ni shemeji yake. Hali hii waumini wanaijua, nao wakiombwa kuchangia hutoa sarafu. Wanaitwa wachoyo, lakini sisi tunaona kuwa wanasubiri hesabu. Kamati inayobandika mlangoni kila mwezi kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki haina haja ya kupaza sauti kwenye kipaza sauti.

Sheria sasa zipo. Zanzibar ina Kamisheni yake ya Wakfu na Mali ya Amana, Kenya ilitunga Sheria mpya ya Wakfu mwaka 2022, na Tanzania Bara mtu anaweza kusajili wadhamini wa mali kisheria. Aliyeko katika vyombo hivyo na akadai rushwa au akachelewesha jalada la wakfu, huyo anazuia haki za mafakiri na ajue anachokizuia. Lakini vyombo haviwezi kuhifadhi kisichoandikwa.

Kwa hiyo tunapendekeza jambo dogo. Katika mtaa mmoja, familia kumi zenye uwezo wa wastani zikubaliane, kabla ya Ramadhani ijayo, kuwa zaka zao zitabaki zaka, ziwafikie wenyewe majumbani bila mstari. Na sadaka zao za hiari, ambazo hutawanyika kidogo kidogo mwaka mzima, ziwekwe pamoja mpaka zinunue mlango mmoja wa duka au ekari chache za shamba. Tajiri wa mtaa aombwe kuongeza shilingi kwa kila shilingi yao. Mapato yalipe mwalimu mmoja, au ada ya yatima watatu; yakizidi, yakarabati duka lenyewe kwanza. Hati iandikwe mbele ya wakili na mashahidi, itaje msimamizi na atakayemfuatia, na iseme msimamizi atalipwa nini ili asijilipe mwenyewe. Nakala moja ibaki kwa Kadhi au kwa mamlaka husika, moja msikitini, na moja apewe binti wa mmoja wa nyumba hizo, anayejua kusoma na anayeweka vitu vyake vizuri.